Shangazi, tuna kurasa 23, siku mbili, na mwigizaji amesusa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kabla sijapoteza marafiki wanne kwa mpigo. Tuko wanafunzi watano na tumepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi isiyozidi dakika 10, majina ya mwisho yakiwemo. Tumebakiwa na wiki tano, na kwa sababu ya masomo na vibarua vya wenzangu, siku tunazoweza kukutana wote kwa ajili ya kupiga ni mbili tu.

Skripti nimeandika mimi. Inahusu ndugu wawili waliofiwa na baba yao, na kitu pekee walichoachiwa cha kugombania ni saa ya ukutani, ile ya zamani yenye timazi, yaani ule uzito unaoning'inia na kubembea, inayotiwa ufunguo. Kaka mkubwa anarudi nyumbani kuichukua. Mdogo hataki iondoke, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo kila Jumapili tangu baba yao aanze kuugua, na kaka hajui. Ina kurasa 23 na sehemu tisa za kupigia: nyumbani, stendi ya basi, ofisini kwa kaka, hospitalini, makaburini, ufukweni kwenye ndoto ya mdogo, na kwingineko. Kuna pia sini, yaani onyesho, ya magari kufukuzana usiku ambayo kikundi kizima kinaipenda kuliko kitu kingine chochote.

Jumamosi iliyopita tulijaribu kuanza, tukitumia simu yangu. Tulipanga sini tatu, tukapata moja na nusu. Anayeigiza mdogo alitakiwa kulia. Alijaribu mara 14. Mara ya 15 akacheka, nikamfokea mbele ya watu, akavua shati la uigizaji akaondoka. Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo.

Jioni tulipotazama tulichopiga, picha hazikuwa mbaya. Sauti ndiyo iliyotukatisha tamaa. Kuna mngurumo chini ya kila neno, na kaka anasikika kama anaongelea bafuni. Saa inagonga tik-tak kila mahali, na tulipojaribu kuunganisha vipande viwili ule mlio ukawa unarukaruka. Mbaya zaidi, mishale: kaka akiuliza swali ni saa nne, mdogo akijibu ni saa sita, kaka akidakia ni saa nne tena.

Rafiki yangu mpiga picha anasema kosa ni la simu. Anataka tuchange tukodi kamera kubwa na droni. Tukifanya hivyo hatutabaki na hata senti. Wawili wako upande wake, mmoja amenyamaza tu. Nakiri kwamba siku ile muda mwingi nilishika simu mimi mwenyewe, kwa kuwa sikumwamini, ingawa mwongozaji ni mimi na nilikuwa na mengine ya kufanya.

Basi naomba unijibu: tukodi kamera? Nimfanyeje mwenzangu ili alie? Na mwisho wa filamu tunataka kuweka wimbo mmoja maarufu sana. Tumeambiwa ukitumia chini ya sekunde 30 hakuna anayeweza kukuuliza. Ni kweli?

Saa yenyewe ni ya babu yangu. Ametuazima kwa shingo upande.

Mimi,
Mwongozaji Niliyeishiwa Pumzi

*

Marahaba mwanangu,

Kamera msikodi. Nimelitanguliza hilo ili rafiki yako akasirike mapema na apoe mapema. Sehemu ya pesa hiyo itawapatia maiki mbili za kubana kwenye nguo, na nyingine itabaki.

Nimekaa kwenye chumba cha uhariri miaka mingi, nikiletewa filamu za wanafunzi zikiwa mahututi, na ni mara chache sana nimeona iliyouawa na kamera. Nyingi zilikufa kwa sababu skripti ilikuwa kubwa kuliko siku zilizopo, au kwa sababu hakuna aliyekuwa amevaa hedifoni. Picha yenye chenga mtazamaji anaisamehe, na pengine ataamini mlikusudia iwe hivyo. Neno asilolisikia halisamehi. Mwongozaji Mmarekani Sean Baker alipiga filamu nzima ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa simu za iPhone 5s, na mwaka 2015 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Mwambie hilo mpiga picha wako. Halafu mwambie na nusu ya pili ambayo watu hupenda kuisahau: simu zilipiga picha, lakini kwenye sauti alikuwepo fundi wa sauti na vifaa vyake kamili.

Sasa kurasa 23. Skripti ikiandikwa kwa mpangilio wa kawaida, ukurasa mmoja huenda kama dakika moja ya filamu. Umeombwa dakika 10, umeandika 23. Na hata kama mwalimu angekuruhusu (tuzo za Oscar zinakubali filamu fupi hadi dakika 40), siku zako mbili zisingeruhusu. Kikundi kinachoanza kikimaliza kurasa nne kwa siku, tena vizuri, mimi nakipigia makofi. Siku mbili ni kurasa nane. Toa moja kwa ajili ya yatakayoharibika, maana yataharibika. Unabaki na saba.

Kisha hesabu kuhama. Kila mnapofungasha, mnasafiri, mnafungua, mnatafuta pa kuchomeka chaja na kusubiri aliyepotea njia, saa moja na nusu imekwenda na hamjapiga kitu. Sehemu tisa kwa siku mbili ni kazi ya kuhamisha vyombo, si ya filamu.

Magari kufukuzana usiku, futa. Najua mnaipenda. Inataka taa, inataka ruhusa ya barabara, inataka watu wa usalama, na sitaki kusikia mtu amevunjika mguu kwa ajili ya alama za darasani. Ufukwe na ndoto, futa. Ndoto kwenye filamu fupi mara nyingi ni mahali mwandishi alipokwenda kupumzika. Hospitali na makaburi, futa pia. Baba aliyekufa tutamwona vizuri zaidi kwenye alama nyeupe ya mviringo inayobaki ukutani saa ikishushwa.

Unajua ni sentensi gani ya barua yako iliyonifanya niiweke miwani chini? Kwamba mdogo ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo kila Jumapili, na kaka hajui. Umeiandika katikati kama kitu cha kupita, wakati filamu yote iko hapo, mwanangu. Chumba kimoja, mchana mmoja. Kaka anaingia, anaishusha saa ukutani. Saa ya timazi ukiiinamisha inasimama. Kaka anaitikisa, anaigeuza, anachungulia nyuma, hajui pa kuanzia. Mdogo amekaa pale anamtazama, na ufunguo uko mfukoni mwake. Atautoa au hatautoa? Hilo jibu ni lako, mimi sitaandika kwa niaba yako. Lakini hizo ni kurasa saba, na hazihitaji droni.

Usidhani ni kidogo. Mwaka 1895 ndugu Lumière wa Ufaransa walipiga filamu isiyofika dakika moja: mtunza bustani anamwagilia, kijana anakuja nyuma anakanyaga mpira, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia tundu, kijana anainua mguu. Tayari umejua kilichompata usoni. Shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, watu wawili, mpira wa maji, na watu wangali wanacheka baada ya zaidi ya miaka 120.

Nije kwenye saa ya babu yako, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowaharibia Jumamosi na wala hamkuishuku. Saa inayotembea mbele ya kamera ni maadui wawili kwenye kabati moja. Wa kwanza ni mishale. Mlipiga maswali ya kaka asubuhi na majibu ya mdogo baadaye, ukutani zikapita saa mbili. Wa pili ni mlio. Mhariri anapokata kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo, anakata pia katikati ya tik na tak, na sikio linaligundua pengo hilo hata kama mwenye sikio hajui kilichomkera.

Dawa ni moja kwa wote wawili: isimamishe. Shika timazi, weka mishale kwenye saa mliyokubaliana, piga sini nzima saa ikiwa imekufa. Ukihitaji kuonyesha timazi ikicheza, piga shoti yake peke yake, bila maneno ya mtu. Halafu, watu wote wakiwa nje, iwashe, sogeza maiki karibu kiasi cha shubiri moja, na urekodi dakika tatu za mlio wake safi. Rekodi pia ufunguo unavyozunguka, krr, krr, na ule mguso wa mwisho unapogoma kuzunguka zaidi. Wakati wa kuhariri unautandaza mlio huo chini ya sini yote kama mkeka mmoja, na unaweza kuukata pale tu kaka anapoishusha saa. Hapo ukimya utasikika. Kumbuka Jumamosi mlikuwa nao mlio huohuo, ukawa kero tupu.

Mngurumo mlioulalamikia, kabla sijausikia nahisi ni friji, feni, au kompyuta ya mtu iliyoachwa kwenye kona. Sikio la mtu huzoea mngurumo baada ya dakika chache na kuacha kuusikia, maiki haizoei. Ndiyo maana lazima mmoja wenu avae hedifoni kuanzia shoti ya kwanza hadi ya mwisho na awe na haki ya kusema "simameni" hata kama mwigizaji ameigiza kama malaika. Friji mkizima, mwenye nyumba aweke funguo zake ndani ya friji hiyohiyo. Hataweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Ni ujanja wa zamani wa watu wa sauti, na umeokoa chakula kingi.

Suala la kaka kuongelea bafuni linasababishwa na mambo mawili. Simu ilikuwa mbali naye, na chumba kina kuta tupu. Maiki ya nguoni ibaneni kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, iunganishwe na simu nyingine iliyo mfukoni mwa mwigizaji ikirekodi sauti tu. Kila mwigizaji na yake. Ikiwa mna maiki ya kushikwa kwenye fimbo, ishuke mpaka ionekane juu ya fremu, kisha ipandishwe kidogo tu hadi itoke. Hapo ndipo mahali pake. Upande wa chumba ambao kamera haiuoni utandikeni mablanketi, magodoro, mapazia, chochote kizito na laini. Kiwango cha sauti kiachwe na nafasi: kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, ambapo sifuri ndiyo dari, maneno makali zaidi yafike karibu na desibeli -12, yasiguse sifuri, maana sauti iliyopasuka haishoneki.

Mkianza kila teki, yaani kila jaribio la kupiga shoti, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi linaonekana kwenye picha na linasikika kwenye simu zote za mfukoni, kwa hiyo mhariri analinganisha vyote kwa kupepesa jicho. Na kabla ya kufungasha, kila mtu asimame alipo, asiongee, asikohoe, murekodi dakika moja nzima ya chumba kikiwa kimya. Watu wataona mnajifanya mabwana wakubwa. Niliwahi kuhariri filamu ambayo walisahau dakika hiyo, nikakaa usiku kucha nikichuma vipande vya nusu sekunde kati ya pumzi za watu ili nipate ukimya wa kuzibia mashimo. Chumba kilichonyamaza kina sauti yake, na hakuna chumba kingine kitakachokukopesha.

Kwa upande wa picha nitakuwa mfupi, kwa kuwa mwenyewe umesema hazikuwa mbaya. Futa kioo cha kamera, maana mfukoni hupata mafuta ya vidole. Weka simu kwenye hali ya ndege. Funga fokasi na mwangaza ili picha isipumue, yaani mwanga usipande na kushuka, kaka anapopita dirishani, na funga rangi ili ukuta usiwe wa njano kwenye shoti hii na wa buluu kwenye inayofuata. Tumieni programu ya kurekodi inayowaruhusu kuchagua idadi ya fremu, yaani picha zinazonaswa kwa kila sekunde, na kuishikilia isibadilike, kwa sababu simu nyingi zikiachwa zijiamulie hubadilisha kasi ya fremu kimyakimya, na mwishoni mwa shoti ndefu mdomo na sauti vinaachana. Kama umeme wa mlipo ni wa Hz 50 (idadi ya mizunguko yake kwa sekunde), wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kama ni wa Hz 60, fremu 30 na shata 1/60. Msipofanya hivyo baadhi ya taa zitawachorea mistari inayopanda na kushuka kwenye ukuta. Na nafasi: simu ikipiga kwa 4K, ule ubora wa juu wa picha, inaweza kula zaidi ya MB 150 kwa kila dakika, kwa hiyo hesabuni kabla ya kufika.

Jambo la picha ninalotaka ulikazie ni mstari. Chora mstari wa kufikirika kutoka pua ya kaka hadi pua ya mdogo. Kamera ikiwa upande mmoja wa mstari huo, ibaki upande huo mchana kutwa. Kaka atakuwa anatazama kulia mwa skrini, mdogo kushoto, na mtazamaji atawaona wanatazamana hata mkiwapiga kwa siku tofauti. Ukiuvuka mstari, wote wawili watatazama upande mmoja kama watu walio kwenye basi. Pigeni kwanza shoti pana ya sini nzima, toka mlango unapofunguka hadi mwisho. Halafu nzima tena kwa kaka peke yake, karibu. Halafu nzima kwa mdogo. Baada ya hapo vipande vidogo: mkono mfukoni ukishika ufunguo, alama ya mviringo ukutani, timazi iliyosimama. Vipande hivyo wanafunzi huvidharau jioni wakiwa wamechoka, na ndivyo vinavyoniokoa ninapotaka kuficha sentensi iliyokosewa. Kamera iwashwe sekunde tano kabla ya kitendo na izimwe sekunde tano baadaye. Usiseme "kata" neno la mwisho likiwa bado mdomoni mwa mtu.

Sasa mwenzako aliyesusa.

Umeuliza umfanyeje alie, nami nakujibu usimlize. Machozi ni ya mtazamaji. Zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Urusi, Lev Kuleshov alichukua shoti moja ya uso wa mwigizaji uliotulia na kuiunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi, na uso ulikuwa uleule. Hilo ndilo ninalolifanya kila siku kwenye meza yangu. Nipe uso wa mdogo akimtazama kaka yake, nipe mkono wake ukiukamata ufunguo mfukoni, nami nitakupa huzuni ambayo mara 14 za kukamua macho zisingeileta.

Mwigizaji asiye na uzoefu ukimwambia "huzunika", anabaki ameshika hewa. Mpe kazi. Mwambie: usimruhusu kaka yako aone kwamba unajua jinsi ya kuiwasha. Mwambie ahesabu kimyakimya mizunguko ya ufunguo aliyokuwa akiizungusha kila Jumapili. Akili ikishughulika, uso hujisahau, na uso uliojisahau ndio kamera inaoutaka. Halafu mfanye mazoezi bila kamera, mara tatu au nne kabla ya siku ya kupiga, mkiwa mmekaa tu mkisomeshana maneno. Sentensi inayomgonga ulimini kila mara ibadilishe, kosa huenda ni la mwandishi.

Lakini yote hayo ni baada ya kumwomba radhi. Ulimfokea mbele ya watu, basi radhi nayo iombwe mbele ya watu. Usimtumie ujumbe wa simu wenye vikatuni vya kulia. Nenda alipo, na uende na skripti mpya ya kurasa saba mkononi, umwonyeshe kwamba ile sini ya kulia haipo tena. Akikataa kurudi, mkubalie, mshukuru, tafuta mwingine. Hujapiga kitu cha maana bado, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Na mpiga picha wako mrudishie simu. Nasema hivi kwa upendo: ulikuwa mwongozaji, mpiga picha, na kwa kiasi fulani mama wa kambo wa kila mtu. Mtu aliyebana jicho kwenye skrini ndogo hamwoni mwigizaji, anaona fremu. Nina wasiwasi kwamba hiyo droni ni njia yake ya kuomba kazi yake mwenyewe. Kaa naye jioni moja mchore shoti zote za kurasa saba kwenye karatasi, hata kwa kuchora watu wa vijiti, mkubaliane, kisha siku yenyewe ukae pembeni mwa kamera na utazame nyuso. Yule aliyenyamaza mpe hedifoni. Watu wanaonyamaza kwenye ugomvi mara nyingi wanasikiliza. Wa tano aandike: shoti ipi ilikuwa nzuri, kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo cha shati kilikuwa kimefungwa au la.

Wimbo. Hapana, si kweli. Hakuna kanuni ya sekunde 30, na aliyewaambia ameisikia kwa mwingine aliyeisikia kwa mwingine. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Mara nyingi zina wenyewe tofauti, na kuuweka kwenye filamu mnahitaji ruhusa za pande zote mbili, kwa maandishi. Mkiweka bila ruhusa, mwalimu huenda asiseme kitu, lakini matamasha mengi yatawadai hizo karatasi na mitandao inaweza kuizima sauti ya filamu yenu. Mtafuteni mwanafunzi mwenzenu anayepiga ala, mumwombe atunge dakika moja, na mwandikiane karatasi ya makubaliano. Ingawa ningekuwa mimi, kwenye filamu hii nisingeweka muziki wowote. Mna saa.

Usiku wa kila siku ya kupiga, kabla mtu hajalala, nakala ziwe mbili kwenye vifaa viwili vinavyolala nyumba mbili tofauti. Hapo ndipo simu inaweza kufutwa. Filamu yangu ya kwanza ninayo kwenye kumbukumbu tu, kwa sababu tulikuwa na nakala moja, kwenye begi moja, na begi likashuka kwenye basi na mtu mwingine.

Mkishaunganisha, mwiteni mtu ambaye hajasoma skripti na asiyewapenda ninyi sana. Msimweleze chochote. Msiangalie filamu, mwangalieni yeye: atagusa simu yake wapi, ataegemea nyuma wapi. Akimaliza msimuulize kama ameipenda, muulizeni nani alikuwa akiitia saa ufunguo. Asipojua, rudini mezani.

Wiki hii, kabla hujampigia mtu yeyote simu, nenda kwenye kile chumba peke yako, saa ileile mtakayopiga. Funga mlango, vaa hedifoni, rekodi dakika moja bila kufanya kitu, uone chumba kina nini. Na mkimaliza yote, saa ya babu msimtumie kwa mtu. Mpelekee wewe mwenyewe mkononi, ikiwa imetiwa ufunguo.

Shangazi yako